Tupunguze video fupi za simu, umri ni amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila afuataye mwendo wake mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, leo tunakusudia kuzungumzia jambo lililoingia katika nyumba zetu bila kupiga hodi, nalo ni video fupi fupi za kwenye simu. Tunazikusudia zile za sekunde kumi na tano, thelathini au sitini, ambazo moja ikimalizika nyingine hujitokeza papo hapo, na mtazamaji hana kazi ila kusukuma kioo kwa kidole gumba. Wengine wanazijua kwa jina la TikTok, wengine kwa jina la Reels za Instagram na Facebook, na wengine kwa jina la Shorts za YouTube. Majina yanatofautiana lakini mtindo ni mmoja.

Swali linaloulizwa aghlabu na wazazi ni hili: je, kuzitazama ni halali au ni haramu? Jibu lake si gumu. Yaliyo haramu nje ya simu ni haramu ndani ya simu. Video yenye uchi, matusi, kusengenya watu au kuifanyia dini mzaha haina hukumu mpya. Na yenye kufundisha mapishi, ushonaji, kilimo au hukumu za tajwidi asili yake ni halali. Lakini swali hili, pamoja na ulazima wake, halitoshi. Iko hasara nyingine ambayo haitegemei yaliyomo ndani ya video. Mtu anaweza kutazama video mia moja, zote za halali, akainuka akiwa amepitwa na sala ya jamaa, usingizi umempotea, mwanawe amelala bila kuzungumza naye, na moyo wake umetawanyika hauwezi kutulia juu ya jambo moja. Hasara hiyo ndiyo tunayotaka kuitazama leo, kisha tuangalie njia ya kuipunguza hatua kwa hatua, tukianza na sisi wazazi kabla ya watoto wetu.

Mtego ulivyotegwa

Ni vyema kwanza tuelewe jinsi kitu hiki kilivyoundwa, kwani mtu hawezi kujinasua katika mtego asioujua.

Zamani kurasa za mtandao zilikuwa na mwisho. Ukifika chini ya ukurasa unalazimika kubonyeza ili uende ukurasa wa pili, na pale unapobonyeza unapata nafasi ya kujiuliza: niendelee au niache? Mwaka 2006 mtaalamu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usiokuwa na mwisho, unaojiongeza wenyewe kila unapousukuma. Baadaye mtaalamu huyo alijitokeza hadharani akaeleza majuto yake kwa jinsi ubunifu wake ulivyotumika. Kwa kuondoa mwisho wa ukurasa, iliondolewa ile nafasi ndogo ambayo akili huitumia kusema basi.

Mwaka 2016 kampuni ya ByteDance ya China ilianzisha Douyin kwa ajili ya watu wa nchi yake, na mwaka 2017 ikatoa TikTok kwa nchi nyingine. Mwaka 2018 TikTok iliunganishwa na programu iliyokuwa ikiitwa Musical.ly, ikaenea duniani kwa kasi. Kampuni nyingine zilipoona watu wanahama, nazo zikaiga. Instagram ilileta Reels mwaka 2020, na YouTube ikaanza Shorts mwaka huo huo nchini India kabla ya kuzieneza kwingineko mwaka 2021. Tangu hapo, hata aliyeikimbia programu moja hukutana na mtindo ule ule katika nyingine.

Kilicho kipya katika video hizi ni kwamba mtazamaji hachagui. Mitambo ya kampuni ndiyo inayomchagulia. Inahesabu ni video ipi aliitazama mpaka mwisho, ipi aliirudia, na ipi aliisukuma mbali, kisha inamletea zile zinazofanana na zilizomshika. Hahitaji kubonyeza wala kuandika chochote. Kule kutulia kwake tu juu ya video moja kwa sekunde kadhaa kunatosha kuwa ombi la kuletewa nyingine mfano wake.

Tena video nzuri haiji kila mara. Tano zinapita bila maana, ya sita inachekesha, mbili zinachosha, inayofuata inashangaza. Mtu angedhani kwamba hilo ni kasoro, kumbe ndilo linalomfunga. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner, katika karne ya 20, aliwafanyia majaribio njiwa waliokuwa wakidonoa kitufe ili wapate punje. Njiwa anayepata punje kila baada ya idadi maalumu ya kudonoa hupumzika kidogo akishapata. Lakini njiwa ambaye punje humjia bila utaratibu anaoweza kuujua huendelea kudonoa bila kukoma, kwa sababu kila mara anadhani inayofuata ndiyo. Mashine za kamari zinafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Na yule anayesema saa sita ya usiku, "hii ndiyo ya mwisho", kisha akatazama nyingine ishirini, naye yumo katika kanuni hiyo.

Biashara yenyewe ni ya matangazo. Kampuni hulipwa kwa kadiri macho ya watu yanavyokaa mbele ya kioo. Hivyo kinachouzwa hapo ni umri wa mtazamaji, na mtazamaji mwenyewe ndiye anayelipia bando. Mwaka 2017 Reed Hastings, aliyekuwa akiiongoza kampuni ya filamu ya Netflix, alisema wazi kwamba mshindani wao ni usingizi wa watu. Tuzingatie maneno hayo. Usingizi ambao Mwenyezi Mungu (S.W.) ametukumbusha katika Suratun-Nabaa, aya ya 9, kuwa ni mapumziko aliyotupa, kwa mfanyabiashara ni mshindani wa kushindwa.

Yanayopotea

La kwanza linalopotea ni umri. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, kama ilivyopokewa na Imam Bukhari, kwamba ziko neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara ndani yake, nazo ni afya na faragha ya wakati. Na katika hadithi iliyopokewa na Imam Tirmidhi, mja hataondoka mahali pake Siku ya Kiyama mpaka aulizwe umri wake aliumaliza katika nini, elimu yake aliitumia vipi, mali yake aliichuma wapi na kuitumia wapi, na mwili wake aliuchosha katika jambo gani. Basi tufanye hesabu ndogo. Anayetazama video hizi saa mbili kwa siku hutazama saa 730 kwa mwaka. Tukigawanya kwa saa 24 tunapata siku 30 na saa 10. Huo ni mwezi mzima, usiku na mchana, bila kulala, bila kula na bila kusali. Katika kila mwaka wa miezi kumi na miwili, mwezi mmoja umekwenda kwa kusukuma kioo.

Tulinganishe na jambo jingine. Msahafu mashuhuri unaochapishwa Madina una kurasa 604. Mwenye kuhifadhi nusu ukurasa kwa siku hufika mwisho wake kwa siku 1,208, yaani miaka mitatu na takriban miezi minne. Mtoto aliyeanza akiwa na miaka kumi angemaliza kabla ya kutimiza miaka kumi na minne, na bado katika zile saa mbili za kila siku pangebaki muda wa kudurusu. Wazazi wengi husema watoto wao hawana muda wa chuo kwa sababu ya masomo ya shule. Tuwaombe watazame simu za watoto wao kwanza, kisha waseme.

La pili ni macho. Mtume (S.A.W.) alimuusia Sayyidna Ali (R.A.) asifuatishe mtazamo wa kwanza kwa mtazamo wa pili, kwani wa kwanza anasamehewa na wa pili si haki yake. Hadithi hii wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Katika video hizi mtu huletewa asichokiomba. Alikuwa akitazama mpira au mapishi, ghafla mbele yake kunatokea mwili usiositirika. Huo ndio mtazamo wa kwanza. Kidole kikipita upesi, amenusurika. Kikisita, huo ni wa pili, na mtambo umekwisha kuandika kwamba mtu huyu hukaa mahali kama hapa. Kesho atamletewa miwili, na keshokutwa minne. Dhambi ya macho zamani ilimtaka mtu atoke aifuate. Leo inamfuata kitandani, na inajifunza udhaifu wake.

La tatu ni utulivu wa moyo. Kwa saa moja ya video za nusu dakika, mtu hupita juu ya mambo mia moja na ishirini: msiba, kichekesho, ajali, harusi, ugomvi, aya ya Qur'an, kisha kichekesho tena. Machozi hayajakauka anaanza kucheka, na kicheko hakijakwisha anasikia habari ya kifo. Moyo uliozoea hivyo ukisimamishwa katika sala, rakaa nne za adhuhuri huuona kama safari ndefu. Waalimu wa madrasa wanaliona jambo hili kwa watoto. Mtoto ana akili na ulimi mwepesi, lakini baada ya aya tatu macho yanatafuta pa kwenda. Kuhifadhi Qur'an kunataka kurudia neno moja mara ishirini. Kioo kimemzoesha kwamba kisichomfurahisha ndani ya sekunde mbili husukumwa kando.

Hapa tuseme neno kuhusu mawaidha, ingawa linatugusa sisi wenyewe tunaosimama mimbarini. Wako watu wanaosema, "mimi natazama mawaidha tu." Jambo hilo ni jema kuliko upuuzi, hatulikatai. Lakini kipande cha sekunde arobaini kilichokatwa katika darsa ya saa nzima kinaweza kubeba hukumu bila masharti yake, jibu bila swali lake, na kauli ya mwanazuoni mmoja bila ya wenziwe. Mtu hukusanya vipande mia mbili vya namna hiyo akadhani amesoma fiqhi, akaanza kuwafutu wengine kuhusu talaka na mirathi. Elimu ya dini ina mlango wake, nao ni kukaa, kusikiliza, kuuliza, na kurudi kesho mahali ulipoishia.

La nne ni usiku. Katika hadithi ya Abu Barza (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alikuwa akichukia kulala kabla ya sala ya isha na kuzungumza baada yake. Wanazuoni walieleza hekima yake kwamba kukesha kwa mazungumzo kunampotezea mtu kisimamo cha usiku, au hata alfajiri yenyewe. Ikiwa mazungumzo ya watu yalichukiwa kwa ajili hiyo, tuseme nini juu ya mazungumzo na kioo kisichochoka wala kuaga? Mgeni wa kibinadamu, hata akiwa mzungumzaji mno, mwishowe hupiga miayo akaomba ruhusa. Huyu wa mfukoni hapigi miayo.

La tano ni haki za watu wa nyumbani. Salman (R.A.) alipomuona ndugu yake Abu Dardaa (R.A.) amezama katika ibada mpaka akawasahau walio karibu naye, alimkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahli zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume (S.A.W.) alimsadikisha Salman. Kisa hiki kimo katika Sahih Bukhari. Aliyezidisha sala na saumu alikumbushwa haki ya ahli zake. Itakuwaje basi kwa baba aliyezidisha video, mtoto akimwambia "baba, leo shuleni..." naye akaitikia "ehe" bila kuinua uso?

Hoja za wanaotetea

Wako watakaosema kwamba tunarudisha watu nyuma. Watasema mama lishe, mshonaji na muuza mitandio wanapata wateja kupitia video hizi, na vijana wamejifunza ufundi humo. Hoja hiyo ni ya kweli na tunaikubali. Anayeingia sokoni kuuza au kununua ana haja yake, akiimaliza hutoka. Tunachokisema kinamhusu yule anayeingia sokoni bila haja, akazunguka mpaka maduka yafungwe. Tena mwenye biashara atofautishe baina ya kuweka video ya bidhaa yake, jambo ambalo huenda likachukua robo saa, na kubaki humo saa tatu akitazama za wengine kwa jina la biashara.

Wengine watasema moyo nao unataka kuburudika. Hilo pia ni sawa. Hanzala (R.A.) alihofia kuwa amekuwa mnafiki kwa sababu mbele ya Mtume (S.A.W.) moyo wake hujaa khofu ya Akhera, na akirudi kwa mke na watoto husahau. Mtume (S.A.W.) alimtuliza kwa kumfahamisha kwamba kuna saa ya hili na saa ya lile. Lakini tuzingatie kwamba burudani ya Hanzala ilikuwa mke wake, watoto wake na shughuli za maisha yake. Na mtu akitoka katika burudani iliyo sawa huwa amepumzika. Tumuulize kijana aliyetazama video mpaka saa nane ya usiku: je, umepumzika?

Wako pia wanaoona kwamba haya ni maneno ya masheikh wasiozijua zama zao. Basi na tutazame waliozitengeneza. Mwezi Septemba 2021, Douyin ya China iliwawekea watoto wa chini ya miaka 14 kikomo cha dakika 40 kwa siku, na ikafungwa kwao kuanzia saa nne ya usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Mwaka 2023 TikTok yenyewe ilitangaza kikomo cha dakika 60 kwa watumiaji wa chini ya miaka 18, ingawa kijana anaweza kuendelea kwa kuingiza namba ya siri. Australia ilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika Desemba 2025, inayozitaka kampuni kubwa za mitandao ya kijamii kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. Na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 lilishauri watoto wa chini ya miaka miwili wasikalishwe kabisa mbele ya kioo, na wa miaka miwili mpaka minne wasizidishe saa moja kwa siku. Hao wamefika hapo kwa kuona madhara tu. Sisi tuna amri ya wazi katika Suratut-Tahrim, aya ya 6, ya kujiokoa nafsi zetu na ahli zetu. Haitupasi kuwa wa nyuma katika jambo hili.

Njia ya kupunguza

Ndugu Waislamu, mazoea yana taabu, na Mwenye kuziumba nafsi anajua hivyo. Ulevi haukukatazwa kwa siku moja. Qur'an Tukufu ilianza kwa kubainisha kwamba madhambi yake ni makubwa kuliko manufaa yake (Al-Baqara, 219). Kisha waumini wakakatazwa kuikurubia sala wakiwa wamelewa (An-Nisaa, 43). Mwisho ikaja amri ya kuuepuka moja kwa moja (Al-Maida, 90). Bibi Aisha (R.A.) alieleza, kama ilivyo katika Sahih Bukhari, kwamba lau jambo la kwanza kuteremshwa lingekuwa katazo la ulevi, watu wangesema hawauachi kamwe. Hatusemi kwamba leo mtu ana ruhusa ya kuacha haramu kidogo kidogo. Sheria imekwisha kukamilika, na picha za haramu huachwa papo hapo pamoja na toba. Tunachosema ni kwamba katika yale ya halali yaliyozidi kipimo, kupunguza kwa hatua ni mwendo wenye hekima na wenye kudumu.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), katika Ihyaa Ulumid-Din aliilinganisha nafsi na mshirika wa biashara. Mfanyabiashara mwerevu humwekea mshirika wake masharti, humchunga, humhesabu, na akifanya khiyana humuadhibu. Tuutumie utaratibu huo katika jambo letu.

Kwanza ni kuweka sharti. Baada ya alfajiri mtu apange na nafsi yake kiasi cha siku hiyo. Aliyezoea saa tatu asijidanganye kwamba kesho ataacha kabisa. Wiki hii iwe saa mbili, ijayo saa moja, kisha nusu saa. Na sharti la mwanzo kabisa liwe ni kuzilinda sala. Tuliona kwamba hatua ya pili katika ulevi ilikuwa ni kuutenga na nyakati za sala. Sala ni tano, zimegawanyika katika siku nzima, hivyo mlevi alijikuta hana tena muda mrefu wa kunywa. Nasi tufanye vivyo hivyo. Adhana ikisikika, simu iwekwe chini, isishikwe mpaka nyiradi zimalizike. Atakayelishika hili peke yake atauona mnyororo ukikatika mara tano kwa siku.

Pili ni kuchunga. Kabla ya kufungua, mtu aseme moyoni anatafuta nini. Akikipata afunge. Asiyekuwa na jibu asifungue. Arifa zinazoita kila dakika zizimwe. Mwenye kuweza aiondoe programu yenyewe katika simu, akiihitaji kwa kazi airudishe, kwani taabu ndogo ya kuirudisha huipa akili ile nafasi ya kusema basi, ambayo ukurasa usio na mwisho uliiondoa.

Tatu ni kuhesabu. Simu nyingi za kisasa zina daftari katika mipangilio yake linaloonyesha saa ngapi zilitumika kwa siku na katika programu ipi. Tulifungue kila usiku wa kuamkia Ijumaa, mume na mke pamoja, pasipo kulaumiana. Aibu ya namba hiyo duniani ni nyepesi kuliko kuisoma katika daftari jingine.

Nne ni kuadhibu, nayo iwe adhabu yenye kheri. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Abu Talha (R.A.) alikuwa akisali katika bustani yake, akaruka ndege mmoja akitafuta njia ya kutokea baina ya miti. Akamfuata kwa macho, asijue amesali rakaa ngapi. Akaenda kwa Mtume (S.A.W.) akaitoa bustani ile sadaka. Ndege mmoja tu, kwa muda mfupi, na bustani nzima ikatoka. Hatumtaki mtu atoe bustani. Lakini aliyevuka kiasi chake atoe sadaka ya thamani ya bando alilolimaliza, au asome hizbu moja kabla ya kuigusa simu tena.

Ama nyumbani, tunaushauri utaratibu mwepesi. Baada ya isha simu zote, za wazazi zikitangulia, zikae sebuleni zikichajiwa, wala zisiingie vyumbani mpaka baada ya alfajiri. Anayesema simu ndiyo inayomuamsha anunue saa ya kengele, bei yake si kubwa kuliko vifurushi vya wiki chache. Wakati wa kula simu zisiwepo kwenye mkeka wala mezani. Mtoto mchanga asibembelezwe kwa video ili ale au anyamaze, na maagizo hayo yamfikie bibi, shangazi na dada wa kazi, kwa upole na kwa kuwaelewesha, maana wao ndio wanaoshinda naye mchana.

Tena tusiwanyang'anye watoto bila kuwapa kitu badala yake. Wanazuoni wamesema kwamba nafsi usipoishughulisha kwa haki, itakushughulisha kwa batili. Baina ya magharibi na isha watoto wasomeshwe Qur'an au wasimuliwe visa vya Mitume na vya babu zao. Wapelekwe kuwaona jamaa. Waachwe wacheze mpira, wapike, washone, walime bustani ndogo ya mboga. Baba akimtoa mwanawe simu mkononi kisha yeye mwenyewe akaegemea kiti akaanza kusukuma kioo, ajue kwamba alichomfundisha ni kusubiri ukubwa ili naye afanye hivyo.

Na ikitokea mtu akateleza, akakesha tena baada ya wiki mbili za uongofu, asikate tamaa. Arudi kwenye kiasi chake siku ile ile. Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba amali zinazopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni zile za kudumu, hata zikiwa chache. Nusu saa iliyookolewa kila siku kwa mwaka mzima ni bora kuliko wiki moja ya kuifungia simu kabatini kwa hasira.

Mwenyezi Mungu (S.W.) ametutanabahisha katika Suratul-Israa, aya ya 36, kwamba masikio, macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Tunamuomba atuhifadhie viungo vyetu, atubarikie nyakati zetu, awafanye watoto wetu kuwa kiburudisho cha macho yetu kuliko kioo chochote, na atujaalie tutakapoulizwa juu ya umri wetu tuwe na la kujibu. Amin.

Wabillahi tawfiq.